Kupima saratani ya kibofu kwa kemikali za mkojo: sampuli za vijijini Dodoma ziandaliweje kabla ya GC-MS?

Nyika_Maabara aliuliza:

Habari za kazi wadau. Tunaandika andiko la utafiti wa kutafuta saratani ya kibofu kupitia kemikali tete za mkojo, yaani zile zinazoruka hewani na kuupa mkojo harufu yake, kwa kutumia GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali zikiwa gesi na kuzitambua kwa uzito wake. Washiriki watatoka Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, na mashine iko Dodoma mjini. Wagonjwa watakuwa wale waliothibitishwa kwa sistoskopi (kamera inayoingizwa kwenye kibofu) na patholojia (uchunguzi wa kinyama) hospitali ya rufaa. Kundi la kulinganisha tunafikiria liwe wanafunzi wa chuo na watumishi wa hospitali, kwa kuwa wanapatikana kirahisi.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Makopo ya kawaida ya plastiki yanafaa? Tuweke asidi ya boriki ili mkojo usiharibike njiani? Kwenye mashine tutie mkojo kiasi gani, kwa joto gani, na ile chumvi inayotajwa kwenye makala nyingi kazi yake nini? Halafu mratibu wetu anataka kila mshiriki apewe majibu yake. Je, hilo ni sahihi?

---

Mkemia_Uchambuzi alijibu:

Mkuu, nianze na kopo, maana tafiti nyingi za aina hii huharibikia hapo kabla mashine haijawashwa.

Kopo la plastiki linafaa kukojolea, ila mkojo usikae humo zaidi ya nusu saa. Uhamishie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana chenye bitana ya PTFE, yaani tefloni. Plastiki laini huwa na kilainishi kiitwacho DEHP. Mwili ukikipata hukivunjavunja, na moja ya mabaki yake ni 4-heptanoni, ambayo kwenye grafu ya mashine huonekana kama kilele katika mkojo wa karibu kila mtu. Sasa mgonjwa aliyelazwa, mwenye dripu na katheta (mpira wa mkojo), amepokea plastiki nyingi kuliko mtu aliyetoka nyumbani asubuhi. Utaona 4-heptanoni iko juu kwa wagonjwa, utaandika kwamba umepata alama ya saratani, kumbe umepima dripu. Kwa hiyo chukua mkojo kabla ya dripu, kabla ya katheta, na kabla ya sistoskopi yenyewe, kwa sababu jeli ya ganzi na dawa ya kusafishia navyo vinaacha alama.

Katika kila boksi la makopo toa matatu, tia maji ya distili, yaache muda uleule ambao mkojo hukaa, kisha yapitishe kwenye mashine. Boksi likibadilika, rudia. Ni kazi ya asubuhi moja na inakuokoa na maswali ya mwaka mzima.

Jambo la pili ni usafi. Kitakasa mikono kina ethanoli au isopropanoli, na vyote viwili vitaingia kwenye kopo. Mshiriki anawe kwa maji na sabuni isiyo na manukato, na asijifute kwa spiriti. Choo kilichomwagiwa klorini asubuhi hiyo kisitumike, kwani klorini ikikutana na mkojo hutengeneza klorofomu na kloramini papo hapo.

Joto ndilo adui mkubwa. Bakteria kwenye mkojo ulioachwa kwenye nyuzi 30 huongezeka maradufu kila nusu saa hivi. Wao wenyewe hutoa kemikali tete, mfano trimethilamini na dimethili disalfidi, na wengine huigeuza urea kuwa amonia. Amonia inapandisha pH, na pH ikipanda amini zinatoka hewani kwa wingi huku asidi zikibaki kwenye maji. Kwa hiyo sampuli iliyochelewa hubadilika sura yote, siyo kilele kimoja. Pima kwa stripu palepale kituoni: nitraiti na chembe nyeupe. Yenye UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, iandike pembeni, usiitupe kimyakimya, kwa sababu wagonjwa wa kibofu nao hupata UTI mara kwa mara na utahitaji kujua.

Boriki usiweke. Inabadili pH, na sampuli zenye boriki haziwezi kulinganishwa na zisizo nayo. Badala yake tumia baridi na haraka: ndani ya saa 2 zungusha kwenye sentrifuji kwa 2,000 g (g hapa ni nguvu ya mzunguko, siyo gramu) dakika 10, ili seli na bakteria vibaki chini, chukua maji ya juu, gawa kwenye chupa tano kwa kila mtu. Usijaze chupa, ishia theluthi mbili, vinginevyo kioo kitapasuka kikiganda. Lenga kufika nyuzi −80 ndani ya saa 4. Chupa moja iyeyushwe mara moja tu, na iyeyukie kwenye friji usiku kucha, siyo juani dirishani.

Mpwapwa ni zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, kwa hiyo sentrifuji ndogo ibaki kituoni na kasha baridi lisafiri. Pakiti za barafu zifanyeni kama watu wa chanjo: zitoke frija, ziachwe mpaka zianze kutoa jasho na maji yasikike ndani ukizitikisa, ndipo ziingie kwenye kasha. Pakiti iliyotoka moja kwa moja frija itagandisha chupa zilizoigusa na kuacha nyingine bila kuganda. Hapo umeshapata makundi mawili ya sampuli ndani ya kasha moja.

La mwisho kwangu ni maji mwilini. Kiangazi cha Dodoma mkojo unakuwa mzito sana. Pima kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, ya kila sampuli ili usahihishe ukolezi. Mipaka ya WHO kwa mkojo wa kupima kemikali ni gramu 0.3 hadi 3.0 za kreatinini kwa lita. Iliyo nje ya hapo omba nyingine. Msimwambie mtu anywe lita mbili kwanza, mtapata maji matupu.

---

Kilele_Dom alijibu:

Mkemia amemaliza upande wa kituoni, nami nijibu upande wa mashine.

Chumvi inasukuma kemikali tete zitoke kwenye maji ziingie kwenye hewa iliyo juu yake ndani ya chupa. Maji yakishashika chumvi, nafasi ya kuzishikilia inapungua. Mililita moja ya maji hushiba kwa takribani gramu 0.36 za NaCl. Kwa hiyo mkojo mililita 4 kwenye chupa ya mililita 20, weka gramu 1.5. Tumia chumvi ya maabara, siyo ya jikoni, maana ya jikoni ina madini joto na dawa ya kuzuia kugandana. Na hata hiyo ya maabara ichome kwenye tanuri usiku kucha kwa nyuzi 450 kabla ya matumizi, kwa kuwa chumvi inanyonya harufu za stoo.

pH chagua moja uishikilie. Kwenye pH 2, kwa asidi ya haidrokloriki, utaona vizuri fenoli, p-kresoli na asidi fupi. Kwenye pH 12 na zaidi, kwa sodiamu haidroksaidi, utaona amini. Kwa kibofu ningeanza na asidi. Ukiwa na sampuli ya kutosha fanya zote mbili kwa chupa tofauti, ila usichanganye matokeo yake kwenye jedwali moja.

Mpangilio wa kuanzia: chupa nyuzi 60, dakika 15 za kutulia, kisha ingiza faiba ya SPME, uzi mwembamba unaonyonya kemikali kutoka hewani, yenye tabaka tatu, DVB/CAR/PDMS, iache hewani dakika 30. Hakikisha faiba haigusi mkojo. Iingize kwenye injekta (mlango wa mashine) ya nyuzi 250 kwa dakika 3 bila kugawa gesi, na laina, kibomba cha kioo cha ndani yake, iwe nyembamba ya milimita 0.75. Kolamu, yaani bomba jembamba la kutenganishia kemikali, ya mita 30, 0.25 mm, aina ya fenili asilimia 5. Oveni nyuzi 40 kwa dakika 5, panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 150, halafu nyuzi 15 kwa dakika hadi 250. Soma m/z (uzito wa ioni kwa chaji yake) 35 hadi 350. Kila chupa iwe na rejea ya ndani, yaani kemikali ya kulinganishia, mfano toluini-d8, kiasi kilekile, iliyotiwa kabla ya kufunga kifuniko.

Vilele vyenye m/z 73, 147, 207 na 281 ni siloksani, kemikali za silikoni, kutoka kwenye faiba, kolamu au septamu (kizibo cha mpira cha injekta). Haviwezi kuwa alama ya ugonjwa wowote. Vikianza kupanda siku hadi siku, badilisha septamu kwanza kabla hujalaumu faiba.

Changanya kidogo kidogo kutoka kwa washiriki wote utengeneze mkojo wa pamoja, ugandishe kwa mafungu, na uupitishe kila baada ya sampuli 8. Faiba inachoka, na uchovu wake utauona hapo kabla haujaharibu data. Mpangilio wa kupima uwe wa bahati nasibu. Ukipima wagonjwa Jumatatu na wazima Alhamisi, kompyuta itajifunza tofauti ya Jumatatu na Alhamisi.

Kuhusu kutambua kemikali: maktaba ya mashine ikisema inafanana kwa asilimia 85, hiyo ni dokezo tu. Pitisha mchanganyiko wa alkani kupata fahirisi ya muda, kisha nunua kemikali halisi uilinganishe. Bila hivyo andika "haijatambuliwa" na namba ya kilele.

Umeme nao. Ukikatika ghafla, pampu ya ombwe inasimama huku kolamu na chanzo cha ioni vikiwa moto, na hewa inaingia. UPS, betri ya akiba, iweze kubeba mashine muda wa kutosha kuizima kwa utaratibu. Kila asubuhi kabla ya kazi tazama m/z 18, 28 na 32. Ikiwa 28 na 32 zimepanda pamoja kuna uvujaji wa hewa, kaza nati za kolamu. Ikiwa 18 peke yake, ni unyevu, subiri ombwe litulie.

---

Darubini_Mkojo alijibu:

Naongeza upande wa ugonjwa, kwa sababu kibofu hapa kwetu hakiko peke yake.

Kichocho cha mkojo, *Schistosoma haematobium*, kiliwekwa na IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 1994 kwenye kundi la 1, yaani kinasababisha saratani kwa binadamu. Mtu anaweza kuwa na mayai bila saratani, saratani bila mayai, au vyote. Mkojo wa kichocho una damu, protini na chembe nyeupe, kwa hiyo kemia yake inafanana na ya uvimbe wa saratani. Kila mshiriki, mgonjwa au mzima, apimwe kichocho. Na hapa kuna mtego wa saa: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati kemikali tete mnataka mkojo wa asubuhi. Mtahitaji sampuli mbili. Ya mchana chujeni mililita 10 kwenye chujio la maikromita 12, mtazame darubini.

Muulize pia patholojia ya kila mgonjwa ni ya aina gani. Saratani inayoendana na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa, na ile ya kawaida duniani ni ya utando wa njia ya mkojo. Msizitie kapu moja.

Stripu ya damu ina udhaifu ambao Dodoma lazima tuujue. Vitamini C ikiwa nyingi kwenye mkojo inazuia rangi isibadilike, damu ipo lakini stripu inasema hakuna. Na huku watu wanakunywa juisi ya ubuyu, ambao una vitamini C nyingi. Muulize mshiriki kama amekunywa ubuyu au vidonge vya vitamini C jana na leo. Upande wa pili, klorini kwenye kopo inaleta jibu la damu la uongo. Dawa ya yote mawili ni darubini: mililita 10, 400 g kwa dakika 5, acha nusu mililita, tikisa mashapo, tazama kwa lenzi ya 40. Seli nyekundu 3 au zaidi kwa uwanja mmoja ni hematuria. Soma stripu ya damu kwenye sekunde 60, na chupa ya stripu ifungwe papo hapo, unyevu na joto vinaiua.

Sasa kuna vipimo vya kemia ya mkojo kwa saratani ambavyo vipo tayari na havihitaji GC-MS, na naona vinasahaulika wakati watu wanakimbilia vipya.

Mayeloma, saratani ya seli za uboho: mwaka 1845 mgonjwa mmoja wa London alitoa mkojo wenye protini ya ajabu, na daktari Henry Bence Jones akaieleza mwaka 1847. Stripu inaona albumini, hiyo haiioni vizuri. Mzee mwenye maumivu ya mgongo, upungufu wa damu, na stripu hasi ya protini: chukua mkojo uliozungushwa mililita 3, ongeza mililita 3 za asidi ya salfosalisili ya asilimia 3, subiri dakika 10. Ukipata ukungu mzito huku stripu ikiwa hasi, fikiria minyororo myepesi, yaani vipande vya kingamwili vinavyotolewa na mayeloma, mpe rufaa kwa elektroforesisi, kipimo cha kutenganisha protini kwa umeme. Penisilini nyingi na dawa ya picha za eksirei navyo vinaleta ukungu, uliza kwanza.

Mimba zabibu: UPT, kipimo cha mimba cha mkojo, inaweza kusoma hasi kwa sababu hCG, homoni ya mimba, imezidi sana mpaka imefunika kingamwili zote za kwenye kipimo. Mama ana tumbo kubwa kuliko umri wa mimba, anatoka damu, UPT hasi au mstari hafifu: punguza mkojo kwa salini mara 10, kisha mara 100, rudia. Mstari ukitokea kwenye ule uliopunguzwa, umepata jibu. UPT ileile ikiwa chanya kwa mwanaume mwenye uvimbe kwenye korodani, ni ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Kasinoidi, uvimbe unaotoa serotonini: 5-HIAA, mabaki ya serotonini, kwenye mkojo wa saa 24 uliotiwa asidi. Siku 3 kabla asile ndizi, nanasi, nyanya wala parachichi, la sivyo utapima alichonunua soko la Majengo.

---

Takwimu_Kanda alijibu:

Nyika_Maabara, kundi lako la kulinganisha ndilo linalonitia hofu kuliko kopo.

Wagonjwa wa kibofu wengi ni wa zaidi ya miaka 50, wengine wamevuta sigara miaka mingi, na kina mama wa vijijini wanapikia kuni. Moshi wa tumbaku na wa kuni unaleta furani, benzini na naftalini kwenye mkojo. Ukiwaweka dhidi ya mwanafunzi wa miaka 22 anayepikia gesi, utapata tofauti kubwa ajabu, na itakuwa ya moshi na umri. Chukua watu wa umri uleule na vijiji vilevile waliokuja kliniki ya mkojo kwa sababu nyingine: mawe, UTI iliyotibiwa, tezi dume iliyovimba bila saratani, kichocho. Hao ndio daktari anahitaji kuwatofautisha. Pima kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, usitegemee jibu la mdomo peke yake kuhusu sigara.

Pili, idadi. GC-MS itakupa vilele 200. Ukitafuta tofauti kwa kigezo cha 0.05, vilele 10 vitaonekana tofauti kwa bahati tu hata kama hakuna ugonjwa wowote. Jenga modeli kwa sampuli za Kongwa na Chamwino, ifunge, kisha ijaribu Mpwapwa bila kuigusa tena. Sakosini ilitangazwa kwenye jarida la Nature mwaka 2009 kama alama ya saratani ya tezi dume inayopatikana kwenye mkojo, na tafiti kadhaa zilizofuata hazikuweza kuirudia. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha kazi ya mbwa sita waliofundishwa kunusa mkojo wa saratani ya kibofu: walipatia 22 kati ya 54, asilimia 41, wakati kubahatisha kungewapa asilimia 14. Harufu ipo kweli. Lakini kutoka hapo hadi kipimo cha kumwambia mtu ana saratani ni safari nyingine.

Tatu, majibu. Msiwape. Fanya hesabu hii na mratibu wako. Chukua watu 10,000, tuseme 50 wana saratani, na kipimo chako kiko sahihi kwa asilimia 90 pande zote mbili. Utawakamata 45, utawakosa 5. Kati ya wazima 9,950, utawaambia 995 kwamba wana dalili. Waliopewa jibu baya ni 1,040, wenye ugonjwa kweli ni wanne tu katika kila mia. Hao wengine wote watatafuta nauli ya sistoskopi, watauza mbuzi, watakosa usingizi. Japani ilipima mkojo wa watoto wa miezi 6 nchi nzima kutafuta nyuroblastoma, saratani ya neva za watoto, kwa kemikali za VMA na HVA ambazo uvimbe huo hutoa. Kipimo chenyewe kilifanya kazi, ila kiliokota uvimbe mwingi ambao ungepotea wenyewe, na tafiti za Quebec na Ujerumani za mwaka 2002 zikaonyesha vifo havikupungua. Wakasitisha.

Kinachotakiwa kurudishwa kwa mshiriki ni kile chenye maana leo: UTI, kichocho, na hasa damu kwenye mkojo. Mtu wa miaka zaidi ya 40 anayekojoa damu bila maumivu anahitaji ultrasaundi na sistoskopi, hata kama GC-MS yenu itasema nini. Andikeni njia hiyo ya rufaa, na nani analipa, ndani ya andiko kabla ya kulipeleka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa kibali cha maadili.

---

Nyika_Maabara alijibu:

Nashukuru sana wakuu. Tunabadilisha kundi la kulinganisha, na majibu ya GC-MS hayatatolewa. Swali dogo: mkojo wa mchana wa kichocho hauwezi kutumika kwa vyote ili tusimsumbue mtu mara mbili? Na lebo zetu zinabanduka tukitoa chupa frija.

---

Mkemia_Uchambuzi alijibu:

Unaweza, lakini basi kila mtu, wagonjwa na wazima, atoe mchana tu, na uandike saa na alichokula. Mchana mtu ameshakula, ametembea juani, amekaa jikoni. Mimi ningechagua asubuhi kwa kemia na mchana kwa kichocho, na mshiriki apewe chai na nauli ya kusubiri.

Lebo ibandikwe kwenye chupa kavu kabla haijapoa, izungushwe mpaka ncha zipandane, na juu yake utepe wa kuhimili baridi. Andika kwa penseli au printa ya joto, wino wa jeli unafutika barafu ikiyeyuka. Kwenye lebo: namba ya mshiriki, saa ya kukojoa, saa ya kugandisha, namba ya chupa 1 hadi 5. Jina lisiwepo. Namba hiyohiyo iandikwe pia kwenye kifuniko, kwa sababu siku ya kuyeyusha chupa arobaini kwa pamoja, kifuniko ndicho unachokiona kwanza.